Mke wa Februari

Mkataa kwao ni mtumwa, husema wahenga. Basi wahenga hawakumjua Ardis Halvorson. Yeye hakukataa kwao hata siku moja katika miaka yake sitini na sita, na Jumapili ile, akiwa amesimama katika ukumbi wa chini wa kanisa la Nordby na kisu cha keki mkononi, alijiona mtumwa kuliko mtu yeyote katika jimbo zima la Minnesota. Mng'ang'ania kwao naye ni mtumwa, aliwaza. Tofauti ni kwamba mnyororo wake hufungwa na watu wanaompenda.

Keki ilikuwa ya kumuaga. Miaka thelathini na nne alipeleka barua katika Njia ya Nne, ameketi upande wa kulia wa gari ili mkono uyafikie masanduku ya barua kando ya barabara, mahindi kushoto, mahindi kulia, theluji pande zote ikifika wakati wake. Ijumaa alikabidhi funguo. Leo waumini walikuwa wamemletea vyakula vyao vya kuokwa, viazi na nyama ya kusaga, bakuli tisa za chakula kimoja, na keki yenye picha ya gari la posta lililofanana zaidi na sanduku la viatu.

Na nje, katikati ya magari yote ya Minnesota, lilisimama gari moja lenye namba za njano za New Mexico. Hakuna aliyelitaja. Hakuna ambaye hakuliona.

"Huyo wako anaondoka saa ngapi?" aliuliza LaVonne, mlinzi wa birika la kahawa na rafiki wa Ardis tangu wakiwa na meno ya utoto.

"Saa tisa."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nimeuliza swali dogo tu, Ardis. Usinitazame kama nimekuuliza uzito wako."

Ardis alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi. Alikuwa na majibu mawili ya kutoa leo, kwa watu wawili, na jibu moja lilikuwa kisu kwa mwenzake. Binti yake Janelle alishaandikisha jina la mama yake katika nyumba za wastaafu karibu na kliniki, ghorofa ya chini, dirisha linatazama kanisa. Kilichobaki ni Ardis kukubali. Na Eloy Baca, aliyeendesha gari siku mbili kuja kula keki hii, alitaka kujua kama mwanamke anayempenda atastaafia kwake New Mexico au la.

Alimwona ng'ambo ya ukumbi. Mfupi, mabega mapana, masharubu meupe, shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa amezungukwa na wanawake watatu wa kwaya waliokuwa wakimuuliza habari za joto kama vile wanamuuliza habari za ugonjwa. Eloy aliinua macho. Yakakutana na yake. Alikuwa na namna ya kumtazama ambayo Ardis hakuwahi kuizoea, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja muda mrefu na hataki imalizike. Uso wa Ardis ukapata moto. Akajifanya anatafuta uma, akaingia jikoni.

Haikupita dakika, mlango ukasukumwa.

"Unaniepa," Eloy alisema.

"Naosha vikombe."

"Vikombe ni vya karatasi."

Ardis alifunga bomba. Eloy alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha, akasogea mpaka Ardis akasikia harufu ya sabuni yake na, chini yake, ile harufu ya udongo mkavu ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiondoa. Viganja vyake vilikuwa na sugu mpya. Kila mwaka kabla mimea haijaamka, wanaume wa kijiji chake walishuka na makoleo kusafisha mfereji unaoleta maji ya mto mashambani, na aliyetoa jasho lake ndiye aliyepata zamu.

"Zamu yangu ya maji ni Jumatano," alisema. "Nisipokuwepo kufungua lango, maji yatanipita kama hayanijui, na matofaa yangu yatakaa na kiu wiki mbili. Ndiyo maana saa tisa naondoka. Na ndiyo maana nataka jibu kabla ya saa tisa."

"Janelle anasema tufanye nusu kwa nusu. Nusu ya mwaka kwako, nusu na siku moja hapa, ili niendelee kuhesabika mtu wa Minnesota. Watu wengi wanafanya hivyo, Eloy. Wanaondoka na bata mwitu baridi ikija, wanarudi nao ikiisha."

"Hiyo siku moja ndiyo inayoniua."

"Ni siku moja tu."

"Ni siku inayosema wewe ni wa wapi." Sauti yake haikupanda, lakini mkono wake ulishika ukingo wa sinki. "Ardis, miaka minne nimekuwa na mke wa Februari. Unachukua likizo yako, unakuja, wiki tatu nasikia mtu anaimba bafuni kwangu, anauziba uimbaji wake kwa taulo akidhani simsikii. Kisha unaondoka, naanza kuongea na simu. Mwezi wenyewe uliochagua ndio mfupi kuliko yote. Nina miaka sabini. Sina tena miaka ya kukata nusu."

Ardis alitaka kumgusa. Mkono wake ulikuwa na maji, ukabaki hewani.

"Kwa hiyo unaniambia nichague."

"Hapana. Nimechoka kukungoja uchague, nimechagua mimi." Akatoa bahasha mfukoni, akaikunjua karatasi. "Jirani yangu Procopio anataka shamba. Shamba likienda, na zamu ya maji inakwenda nalo. Karatasi hii hapa, inangoja jina langu tu. Niambie neno moja, naweka sahihi, nahamia huku. Nitajifunza kula viazi vyenu visivyojua chumvi. Nitanunua koti kama la yule dubu aliyekaushwa pale benki."

"Zamu ile ni ya babu yako."

"Babu yangu amekufa. Hana kiu."

Alilisema kwa mzaha, lakini jicho lake moja lilipepesa, na Ardis akaona. Alimjua mtu huyu. Siku ya kwanza walipoonana, kando ya barabara kule kwao Eloy, alimuuzia pilipili akamwapia kwamba haichomi. Ardis akalia machozi dakika kumi, na mwanamume akakaa naye chini ya jua akimpa maziwa na kuomba radhi na kucheka. Alikuwa mzima siku ile. Alikuwa na udongo wake chini ya miguu. Ardis alijaribu kumwaza hapa Nordby, Januari, amesimama dirishani katika koti la dubu, akiangalia barafu inayofunika maji asiyokuwa na zamu nayo.

Alipaswa kumwambia. Alipaswa kumwambia tangu Alhamisi.

"Eloy, kuna jambo. Alhamisi, mimi..."

Kichwa cha LaVonne kikatokeza mlangoni. "Mgeni, wanakutafuta. Kimebaki kipande cha mwisho, na wameniapia wanataka kuona utafanya nini."

Eloy alikunja karatasi, akamtazama Ardis. "Alhamisi nini?"

"Nenda kwanza," alisema, na akajichukia.

Kule Nordby kipande cha mwisho hakina mwenyewe. Anayekitaka hukikata nusu, akala nusu, akaacha nusu. Anayefuata naye hukata ile nusu. Na hivyo hivyo, mpaka sahani inabaki na chembe ambayo hata panya angeona aibu kuichukua. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja, isipokuwa Eloy. Mara ya kwanza alipokuja, miaka miwili iliyopita, alichukua kipande cha mwisho kizima nyumbani kwa LaVonne, akakila mbele ya watu, akasema ni kitamu. Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na habari. Ardis usiku ule alicheka peke yake kitandani mpaka mbavu zikauma. Alikuwa tayari anampenda, lakini alidhani ni mapenzi ya Februari. Siku ile ndipo alipojua ni ya mwaka mzima.

Sasa alisimama mlangoni mwa jikoni na kuangalia.

Eloy alichukua kisu. Wanawake wa kwaya walisogea karibu. Akakiweka kisu katikati ya kipande, taratibu, kama anapima ubao, akakata nusu. Akachukua nusu, akaacha nusu. Kisha akageuka kumtafuta Ardis, akatabasamu kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Umeona?" alisema. "Najifunza."

Wanawake walicheka kwa wema, mmoja akampigapiga begani. Ardis hakucheka. Kitu ndani ya kifua chake kilikatika sawasawa na ile keki.

Akavuka ukumbi. "Kula chote, Eloy."

"Naonyesha adabu."

"Nimeona. Kula chote."

"Ardis, mpenzi, watu wanatutazama."

"Wamekuwa wakinitazama tangu nizaliwe. Hawajachoka, na leo hawatachoka."

Hapo ndipo mlango wa ngazi ulipofunguliwa, na Janelle akashuka.

Alikuwa amechelewa, na Ardis alijua kwa nini hata kabla hajafika ngazi ya mwisho. Kesho ilikuwa siku ya kuwakumbuka wafu, na leo familia zote zilikuwa makaburini zikipanda maua. Janelle, muuguzi, miaka arobaini, mrefu kama marehemu baba yake, alikuwa na tope magotini na chungu cha maua mekundu mikononi. Maua hayakuwa yamepandwa.

Hakusalimia mtu. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "jina lako liko wapi?"

Ukumbi ulikuwa na watu arobaini. Birika la kahawa lilisikika likitokota.

Duane Halvorson alipokufa, miaka minane iliyopita, familia ilimchongea jiwe la watu wawili, kama ilivyo desturi yao. Kushoto Duane, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kulia Ardis, mwaka aliozaliwa, mstari mfupi, kisha ishirini, mwanzo wa mwaka atakaokufa. Walimwachia tarakimu mbili tu za kujaza. Yeye mwenyewe alikubali. Alikuwa na msiba, na fundi alisema ni rahisi kuchonga yote kwa mara moja.

"Nimelifuta," Ardis alisema. "Nimemwita fundi, amelisaga. Nilimwambia aje baada ya sikukuu, akaja Alhamisi. Nilitaka nikwambie kabla hujaliona. Sikuwahi."

"Umelisaga." Janelle alilitamka neno hilo kama linamuumiza meno. "Nimepiga magoti pale na watoto. Mdogo ananiuliza, bibi ameenda wapi. Kuna alama nyeupe, Mama, kama ukutani palipotolewa picha. Nikawaambia ni mvua. Nimewadanganya watoto wangu makaburini."

"Basi waambie kweli."

"Ipi?"

Huko watu hawapigi kelele wakigombana. Hushusha sauti, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo wengine wanavyotafuta makoti yao. Lakini leo hakuna aliyeondoka. Hata mchungaji alijifanya anasoma kibandiko cha sukari.

Janelle alimgeukia Eloy. "Ni wewe uliyemwambia afanye hivi?"

Uso wa Eloy ulikuwa umepauka. "Bibie, nasikia sasa hivi, pamoja na wewe." Akamtazama Ardis. "Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Na leo Jumapili. Siku tatu ulijua. Pale jikoni nimekutolea karatasi ya kuuza ardhi ya babu yangu, nawe unajua." Alizungumza polepole, akichagua maneno. "Ungeniacha nisaini?"

"Nisingekuacha."

"Ulikuwa umenyamaza."

"Nilikuwa naogopa. Kumpa fundi kazi ni rahisi, Eloy, unampigia simu unamwambia tu. Kumwambia mtu kwa mdomo ndiyo kazi." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

"Ya nini?"

"Nipe."

Alimpa. Ardis akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake wa zamani wa posta, akafunga kifungo. "Miaka thelathini na nne sijapoteza barua ya mtu. Hii ndiyo ya kwanza ambayo haitafika."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. LaVonne alifuta jicho kwa kitambaa cha meza.

"Kwa hiyo unaenda," Janelle alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Umeshaamua. Hukutuuliza."

"Nimeamua."

"Una shinikizo la damu. Kule hospitali iko mwendo wa saa nzima. Hujui mtu. Huli pilipili. Una wajukuu wanne hapa wanaokujua kwa harufu. Huyu," akamwonyesha Eloy kwa kidevu, "simchukii. Kama anakupenda, na aje yeye. Yuko tayari, amesema mwenyewe, ana karatasi. Wewe unamkatalia ili uende ukafe jangwani?"

"Siendi kufa. Hilo ndilo ninalojaribu kukueleza."

"Na siku ikifika? Nitakuzika wapi, Mama?"

Swali hilo lilitoka na machozi, na Ardis alitamani kumshika mtoto wake kama alivyomshika alipoanguka na baiskeli, lakini chungu cha maua kilikuwa katikati yao.

"Janelle. Nina miaka sitini na sita. Natafuta jimbo la kuishi, wewe unanitafutia la kuzikwa."

"Baba yupo hapa."

"Baba yako yupo pale, na jina lake sikuligusa. Nilimwambia fundi akilikwaruza hata kidogo simlipi. Sikiliza nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu." Alivuta pumzi. "Makaburi yapo kwenye Njia ya Nne. Unajua hilo, lakini hujawahi kulifikiria. Siku sita kwa wiki, miaka minane, nimepita pale. Sanduku la Thorsrud, sanduku la Ekern, halafu kaburi langu, halafu sanduku la akina Moe. Theluji ikiyeyuka, jina langu lilikuwa la kwanza kutokeza, kwa sababu jua linapiga upande wa kulia. Nawapelekea watu kadi za harusi, nawapelekea vifaranga vya kuku waliovinunua kwa posta, nawapelekea barua za wapenzi wao, na kila siku napita mbele ya jiwe linaloniuliza mbona nachelewa."

Mchungaji aliiweka sukari mezani.

"Mwaka wa kwanza liliniliwaza. Wa pili nikalizoea. Nilipotoka kwa Eloy Februari ile ya kwanza, nikapita pale nikiwa bado na mchanga kwenye viatu, nilisimamisha gari nikatapika. Nilikuwa nimezikwa nusu, Janelle, na nusu iliyobaki inaendesha gari la posta. Sasa mnaniambia niigawe hiyo nusu iliyobaki tena kwa nusu, na siku moja juu."

Janelle alilia kwa namna ya watu wa kwao, bila sauti, kichwa wima. "Lilikuwa linanisaidia," alisema. "Nikiliona, nilijua utakuwa wapi. Baba aliondoka asubuhi moja bila kunywa hata chai yake. Wewe nilijua utakuwa wapi."

Ardis aliyapokea maneno hayo, yakamwingia mpaka mwisho. Hakuwa na dawa yake. Aliona kwamba kwa miaka minane jiwe lile lilikuwa linamlea binti yake na kumnyonga yeye, na kwamba hakuna fundi duniani angeweza kulisaga nusu.

Eloy alisogea hatua moja, si kwa Ardis bali kwa Janelle. Akanyoosha mikono yake yenye sugu. "Nipe hicho chungu, bibie. Ni kizito."

Janelle alisita. Kisha akakiachia. Akabaki na mikono mitupu, nyekundu kwa tope.

"Nina hasira na mama yako," Eloy alimwambia. "Nitakuwa nayo mpaka nivuke jimbo la Nebraska. Baada ya hapo nadhani itaisha." Akamgeukia Ardis, na macho yale yakarudi, macho ya barua. "Naondoka saa tisa. Jumatano maji. Unakuja lini?"

"Kesho nakaa na watoto. Keshokutwa nafunga nyumba. Alhamisi niko kwako."

"Mpaka lini?"

"Eloy, umeniuliza miaka minne. Hesabu miezi yote."

Eloy alikipakata chungu kwa mkono mmoja. Alichukua ile nusu ya keki iliyobaki kwenye sahani, akaitia yote mdomoni, mbele ya kwaya, mbele ya mchungaji, akatafuna na machozi yakimshuka kwenye masharubu. LaVonne alisema, "Haya, na sahani nioshe," na watu wawili watatu wakacheka kwa woga.

Janelle hakucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima, na kwa kitambo akawa Duane mtupu, kidevu kile kile.

"Sikuzuii," alisema. "Kama ningeweza kukuzuia, ningekuzuia. Lakini umenivizia, Mama. Umemfuta mtu kwenye kaburi la baba yangu wiki ya sikukuu. Naomba jambo moja tu, na sitadai lingine. Sema samahani. Si kwangu. Kwa Baba. Hapa, mbele ya watu waliobeba jeneza lake."

Watu waliobeba jeneza waliangalia viatu vyao. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano. Ardis alimtazama binti yake, akatazama maua mekundu mikononi mwa Eloy, akauweka mkoba wa posta begani, upande ule ule ulioubeba miaka thelathini na nne.

"Hayo maua tutayapanda kesho asubuhi, mimi na wewe na watoto, upande wa baba yako," alisema. "Nitamshukuru kwa sauti, wasikie. Wewe nakupenda, na utakasirika, na nitakupigia simu kila Jumapili hata usipopokea. Radhi siombi."